Viatu vya Chini ya Belo

Mimi na kaka yangu Mrisho tunauza viatu vya mitumba soko la Mchikichini. Yeye husafisha, mimi hupanga. Kila jioni Mrisho hunywa dawa, kwa sababu zamani alisikia sauti za watu wasiokuwepo. Sauti zilinyamaza, lakini mikono ikaanza kutetemeka. Hata kamba za viatu humshinda.

Siku moja alinionyesha simu. "Husna, soma hapa juu. Dawa mpya! Wagonjwa hamsini kati ya mia wamepata nafuu. Hizi zangu naziacha leo."

Niliogopa. Mara ya kwanza alipoziacha, alipotea. Tulimkuta Buguruni, hana hata kandambili.

Dada Victoria, muuguzi tunayeishi naye nyumba moja, alikuwa akijaribu raba kwetu. Aliichukua simu, akasoma mpaka chini.

"Mrisho, kuna kundi la pili. Hao walipewa vidonge vitupu vinavyofanana na dawa. Arobaini kati ya mia nao wakapata nafuu."

"Mh! Bila dawa?"

"Ndiyo. Kutunzwa na kuwa na matumaini husaidia. Wengine hali hutulia yenyewe. Basi tofauti iliyoletwa na dawa ni watu kumi, si hamsini. Tena walioacha kwa sababu ya madhara hawakuhesabiwa."

"Dada, unawaharibia wauza dawa biashara!" Mrisho alisema.

"Wewe ukinunua belo zima la mitumba, unahesabu viatu vya juu tu?"

"Thubutu! Vya juu ni vya kukuvutia. Hasara iko chini."

Mrisho akaitazama tena simu, safari hii mpaka chini.

"Kwa hiyo dawa hiyo ni uongo?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, mdogo wangu. Huenda ni nzuri. Lakini hawakuilinganisha na dawa ya Mrisho, kwa hiyo hatujui ipi bora. Muulizeni daktari. Kuhusu mikono alisemaje?"

Hatukuwahi kumwambia daktari. Niliona aibu, nikidhani atasema tunalalamika.

Siku ya kliniki, Mrisho alinigusa kiwiko. "Sema wewe." Nikasema. Daktari hakukasirika. Alipunguza dozi kidogo, akatuonya tusiache dawa ghafla, akatupangia siku ya kurudi.

Sauti hazijarudi. Jana mteja alichagua raba ambayo bado haijatiwa kamba. Nikanyoosha mkono nimsaidie kaka kuitia.

"Hebu niachie, bibi wee!"

Akaingiza kamba tundu la kwanza, likafuata la pili, taratibu, mpaka juu.