Nani Alisema Nawalaza Kama Maiti?

Nina miaka arobaini na minne, nina binti mmoja aliyekwisha olewa, na mimi ni mnene. Nalisema mapema ili asiwepo wa kunionea haya. Wala si ule unene wa kuambiwa "umejazia kidogo", hapana... Nikiingia dukani, mwenye duka anasogeza magunia.

Wakati haya yananipata nilikuwa naishi Mtendeni, hapa Tabora mjini, na mume wangu, Baba Tunu. Yeye ni mnunuzi wa asali na karanga. Magoti yangu yalikuwa yamechoka. Nikikaa chini, kuinuka peke yangu siwezi. Baba Tunu alikuwa akija, ananipa mikono yote miwili, ananivuta huku akinitania, "Haya, mzigo umepanda." Nami nacheka. Marehemu mama yangu alikuwa akiniambia nimshukuru Mungu kwa mume yule, na kweli nilimshukuru.

Nilipotaka kujitafutia nafuu nilikwenda kwenye ukumbi wa mazoezi. Kijana wa pale akaniangalia juu mpaka chini, akaniambia nipungue kwanza ndipo nirudi. Sasa jamani, nikishapungua nirudi kufanya nini?

Aliyenisaidia ni Bibi Kanta, mke wa mwenye duka la vitambaa kule Gongoni. Nilikuwa nikishona nguo kwenye baraza ya duka lao. Naye ana mwili kama wangu, lakini alikuwa akichuchumaa na kuinuka kama mtoto wa shule. Nikamuuliza siri yake, akasema ni yoga. Akanifundisha. Aliniambia tumbo nalo lina haki yake, ukiinama panua miguu ulipe nafasi. Mkono haufiki mguuni? Zungusha kanga kwenye unyayo, ushike ncha zake. Goti linauma? Kaa kwenye kiti, usukume ukuta. Hakuniambia hata siku moja nipungue.

Siku moja nilikuwa jikoni chini, napepeta mchele. Nikageukia ubavu, nikaweka goti, nikaweka mkono, nikainuka. Peke yangu! Baba Tunu alikuwa anakuja kunivuta, akanikuta nimesimama. Akasema, "Aa, kumbe siku hizi hunihitaji." Nikacheka, nikaenda kumpakulia.

Basi nikaanza kuwafundisha wenzangu sebuleni kwangu, asubuhi, waume wakiwa kazini. Baba Tunu mwenyewe ndiye aliyenibebea viti. Walikuja wanawake wanene wenzangu, wengine hata kutoka Kitete. Alikuwepo Mama Kabula, ambaye alikuwa hawezi kuinama kumwogesha mjukuu wake. Alipoweza, alilia pale pale sebuleni, nasi tukalia naye. Tukimaliza, tunakunywa chai kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tunasutana na kutaniana mpaka mbavu zinauma. Niliona nami nimekuwa mtu mbele za watu.

Halafu yakaanza maneno.

Ati Mama Tunu ana dini ya siri. Ati anawalaza wanawake chali kama maiti, anawafunika shuka jeupe kama sanda, anawasomea maneno. Ati ukitoka pale roho yako umeiacha. Maneno yalipita sokoni, yakafika misikitini na makanisani. Mimi naswali sala zangu tano, lakini nani atakusikiliza? Waume wakakataza. Leo haji huyu, kesho haji yule. Mama Kabula naye mumewe akamwambia achague, yoga au ndoa.

Ndipo wasiwasi ukanivaa. Nani huyu? Nilimtazama kila mtu kwa jicho la pembeni. Nilimshuku kijana wa ukumbi wa mazoezi. Nilimshuku dada mmoja mgeni aliyekuwa hatoi simu mkononi. Zaidi ya wote nilimshuku Zuhura, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anayeuza vitumbua. Zuhura ana mdomo, na alikuwa hakosi darasani hata siku moja. Nikawa nafunga dirisha. Nikawa nazungumza nusu nusu. Nikisikia watu wanacheka nje, moyo unaniambia wananicheka mimi. Usiku namweleza Baba Tunu, naye ananipigapiga mgongoni, anasema, "Nilijua wanawake wenzako watakumaliza. Achana nayo, mke wangu, pumzika." Nami naona, huyu ndiye pekee aliyebaki upande wangu.

Zuhura hakungoja nimfuate. Asubuhi moja aliingia kwangu bila hodi, akasimama mikono kiunoni.

"Mwalimu, najua unaniwazia mimi," alisema. "Sasa nikuulize. Ningekuwa nakuzushia, si ningesema nilichokiona? Sisi wewe umetulaza chali lini?"

Alikuwa anasema kweli. Mtu mwenye kifua kizito na tumbo kubwa ukimlaza chali pumzi inambana. Mapumziko ya mwisho mimi nawalaza ubavu, mto mmoja kichwani, mwingine katikati ya magoti. Chali sijamlaza mtu, na shuka jeupe halijawahi kuingia sebuleni. Kwa hiyo aliyezusha hakuwa wa darasani. Alikuwa mtu aliyeniona mimi... lakini kabla.

Kabla gani?

Kabla ya kumpata Bibi Kanta niliwahi kujaribu peke yangu chumbani, kwa kutazama video za simu. Nalala chali sakafuni kama wale wembamba wa kwenye video, najifunika shuka jeupe kwa ajili ya mbu, nahema kama nakata roho. Nikaacha, na kwa aibu sikumsimulia mtu. Chumbani tulikuwa wawili tu, mimi sakafuni, yeye kitandani akinitazama.

Mchana Baba Tunu alipokuja kula nilimwekea ugali na mlenda, tukakaa mkekani. Nikamuuliza taratibu kama aliwahi kuyasema yale kwenye kijiwe cha kahawa. Akaendelea kunawa mikono, muda mrefu, kama mtu mwenye mikono michafu sana. Kisha akasema alitania tu, watu ndio waliongeza chumvi.

"Na walipoongeza, ulikanusha?"

Akavuta bakuli la mlenda. Nikamwambia sitaki ugomvi, nataka kujua nimemkosea nini.

Akasema, sauti chini, "Ulipokuwa huwezi kuinuka bila mimi, nilikuwa nalala usingizi. Najua uko wapi, najua utakuwa wapi kesho. Sasa unainuka mwenyewe, watu wanakuita mwalimu. Mtu kama huyo mimi nitamshika kwa kitu gani?"

Ndugu zangu wasomaji, bora angenipiga!

Nilitaka kusimama niondoke, naye kwa mazoea akaninyooshea mikono. Niliitazama ile mikono niliyoiombea dua miaka yote. Nikageukia ubavu, nikainuka mwenyewe, nikaenda kufungasha nguo.

Sasa niko Gongoni kwa dada yangu. Nafundisha wanawake wachache waliothubutu, Zuhura akiwa wa kwanza kufika. Mama Kabula nikikutana naye sokoni anageuza uso, na nasikia kuinama kumeanza kumshinda tena. Hilo ndilo linaloniliza kuliko ndoa yangu.

Wazee wa upande wa mume wamekwisha kuja. Wameniuliza, alikupiga? Hapana. Alileta mwanamke? Hapana. Alikunyima chakula? Hapana. Wakatazamana, wakauliza kosa la mwanaume huyu ni nini basi.

Dada zangu, hasa ninyi wenye miili kama wangu, nawasihi. Anayekubeba mshukuru. Lakini siku utakapoweza kusimama mwenyewe, usitazame miguu yako, mtazame uso wake. Mimi sikuutazama, nilikwenda kupakua chakula.