Hata Flashi Hunawa

Ukifika nyumbani kwa Mushagalusa na Perpétue, pale Bwaise, mtaa wa Kampala, inua mguu. Usipoinua utajikwaa. Mlangoni kuna kizingiti cha saruji kinachofika karibu na goti. Mushagalusa alikijenga mwenyewe ili maji ya mafuriko yasiingie ndani. Mvua kubwa ikinyesha Bwaise, maji hayapigi hodi. Kwa hiyo kila kitu cha thamani katika nyumba ile kiliwekwa juu. Vitenge vilikuwa juu ya kabati. Kompyuta ilikuwa juu ya meza, na miguu ya meza ilikuwa juu ya matofali.

Mushagalusa na mkewe walitoka Bukavu, Kongo. Walikimbia vita, wakaanza maisha upya Kampala. Mume aliuza vitenge katika soko la Nakivubo. Mke alishona nguo nyumbani. Kompyuta waliinunua kutoka ofisi moja iliyokuwa ikiuza vifaa vyake vya zamani. Perpétue aliishonea kitambaa kizuri cha kuifunika, chenye maua pembeni. Alidhani hiyo ndiyo kinga yote ambayo kompyuta inahitaji.

Hayo yalikuwa mwaka 2009. Nyumba yenye kompyuta ilikuwa haikosi wageni, na wageni wa kila Jumamosi walikuwa wanakwaya. Walikuja alasiri, wakasikiliza nyimbo kwenye kompyuta, kisha wakaimba mpaka majirani wakajifunza maneno. Nyimbo hizo zilikuwa ndani ya flashi, kile kijiti kidogo cha kuhifadhia mambo ya kompyuta. Flashi ilikuwa mali ya kwaya nzima. Ilining'inia shingoni mwa Mama Séraphine, kiongozi wa kwaya, pamoja na rozari yake. Aliyetaka wimbo aliiazima. Aliipeleka kazini, au kwenye duka la intaneti, kisha akairudisha. Mama Séraphine alisema wimbo wa Mungu haunyimwi mtu.

Na mgeni mwingine akija na flashi yake, Perpétue hakuuliza imetoka wapi. Aliichomeka tu. Kwake yeye, kukataa flashi ya mgeni ni sawa na kukataa mkono anaokupa mkisalimiana. Huo ni uungwana, nami simlaumu. Lakini virusi vya kompyuta havijui uungwana.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na kitu ambacho Perpétue alikipenda kuliko vyote. Kilikuwa sauti ya mama yake. Kabla mama hajafariki huko Bukavu, Arsène, kaka yake Perpétue, alimrekodi kwa simu akiimba wimbo wa kubembeleza watoto. Mwanzoni mama hakuiamini ile simu. Kabla ya kuimba, unamsikia akiuliza, "Arsène, hii kitu inasikia kweli?" Simu ililetwa Kampala, na Mushagalusa akaihamisha sauti kwenye kompyuta. Baadaye simu ikaibiwa. Sauti ya mama ikabaki mahali pamoja tu duniani.

Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia tangu mama afariki. Ndugu wangekuja Bwaise kumaliza kilio, kama ilivyo desturi yao. Perpétue alikuwa amewaahidi kwamba siku hiyo watamsikia mama.

Jumamosi moja Mama Séraphine alichomeka flashi kama kawaida. Kwaya iliimba, watu wakanywa chai, wakaenda. Siku iliyofuata kompyuta ilianza kuwa nzito. Ukibonyeza kitu, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi, nayo bado inafikiri. Mushagalusa aliipangusa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, mbele na nyuma. Haikusaidia.

Kisha dirisha jekundu likajitokeza kwenye skrini. Lilisema kwamba kompyuta imejaa virusi, na kwamba ukibonyeza hapo itasafishwa bure. Mushagalusa hakusoma zaidi ya neno bure. Akabonyeza. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kama wangeiona bure ya Mushagalusa, wangeongeza neno.

Hali ikawa mbaya zaidi. Perpétue alipotaka kusikiliza sauti ya mama, alibonyeza foda, ule mfuko wa kuwekea mambo ndani ya kompyuta, aliyoipa jina "Mama". Haikufunguka. Skrini iliruka kidogo, ikatulia. Akabonyeza tena, na tena.

Kesho yake Arsène akapiga simu kutoka Bukavu.

"Perpétue, tangu lini unaniandikia Kiingereza?"

"Kiingereza gani? Mimi sijakuandikia kitu."

Arsène alimweleza kwamba amepata barua pepe yenye jina la Perpétue. Ilikuwa kwa Kiingereza, ikimwambia abonyeze hapo aone picha nzuri. Shangazi yao naye alikuwa ameipata, hata padri wa parokia yao ya zamani. Arsène hakubonyeza. Alijua kwamba dada yake hawezi kumwandikia lugha ambayo hawajawahi kuongea tangu wazaliwe. Perpétue alikata simu akiwa na hofu. Mtu asiyemjua alikuwa ameingia nyumbani kwake na kuvaa jina lake.

Mushagalusa alimpigia fundi mmoja mjini. Fundi akasema kazi ni ndogo. Walete kompyuta, atafuta kila kitu kilichomo, nayo itarudi kama mpya. Mushagalusa alifurahi, akaanza kuchomoa nyaya.

"Atafuta kila kitu?" Perpétue aliuliza. "Na mama pia?"

Mushagalusa aliziacha zile nyaya. Hakuwa amefikiria hilo.

Nyumba ya pili kutoka kwao, mahali palipoinuka, aliishi Akidi, Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda aliyefundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini. Baba yake alikuwa askari, naye alizaliwa kambini. Kiswahili alikijua tangu utoto, cha kambi, cha amri na haraka. Majirani walimtania kwamba akikuomba chumvi unatamani kupiga saluti. Lakini moyo wake ulikuwa mwema. Perpétue alipomweleza habari ya sauti ya mama, Akidi aliweka chini kikombe chake cha chai, akachukua mkoba wake, wakaondoka pamoja.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa modemu, kile kifaa kilicholeta intaneti.

"Mwizi bado iko ndani," alisema. "Mimi hapana taka yeye aongee na wenzake nje."

Kisha akawaeleza. Kirusi cha kompyuta si kidudu, wala si vumbi. Spiriti haikiui. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu mbaya. Inajinakili yenyewe. Ukichomeka flashi yenye kirusi, kinarukia kompyuta. Ukichomeka flashi safi kwenye kompyuta yenye kirusi, kinarukia flashi. Hivyo kinatembea mji mzima bila nauli.

Aina nyingine ni programu ya kijasusi. Hiyo haileti fujo. Inakaa kimya, inatazama unachoandika, inalichukua neno lako la siri na kumpelekea mtu aliyeitengeneza. Akidi alidhani kwamba iliingia siku Mushagalusa alipobonyeza lile dirisha jekundu. Kwa njia hiyo mtu huyo alipata neno la siri la Perpétue, akawaandikia ndugu zake.

Mushagalusa aliuliza kwa sauti ndogo kama kompyuta haikuwa na kinga. Akidi akatazama. Kinga ilikuwepo, antivirusi iliyokuja na kompyuta kutoka ile ofisi. Lakini haikuwa imepata masasisho kwa muda mrefu. Kila siku ilikuwa ikimwomba Mushagalusa ruhusa ichukue habari mpya kutoka intaneti, na kila siku Mushagalusa aliifungia mdomo. Aliogopa kwamba itakula bando lake.

Akidi hakumgombeza. Aliugeukia mlango.

"Hii kizingiti ulijenga mara moja tu?"

"Hapana," alisema Mushagalusa. "Mwaka wa kwanza ilikuwa fupi. Maji iliruka. Nikaongeza. Mwaka mwingine nikaongeza tena."

"Kwa nini?"

"Maji ilipanda."

"Haya, basi. Virusi pia napanda. Kila siku mtu naandika mpya. Antivirusi ya zamani ni kizingiti fupi."

Mushagalusa alikitazama kizingiti chake, akaitikia kwa kichwa. Sasa alielewa vizuri.

Akidi aliweka ndani ya kompyuta diski safi aliyokuja nayo, akaiwasha kutoka kwenye diski hiyo ili kirusi kisiamke. Kisha akaiamuru kompyuta ionyeshe vitu vyote vilivyofichwa. Perpétue alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Foda moja ikatokea, ya rangi hafifu. Jina lake lilikuwa "Mama".

Kirusi hakikuifuta. Kiliificha, kikaweka mahali pake kitu cha uongo chenye jina lile lile. Kila Perpétue alipodhani anamfungua mama, alikuwa anakifungua kirusi. Perpétue aliposikia hivyo alikaa chini, akalia. Alilia kwa hasira na kwa furaha pamoja.

Kabla ya kusafisha chochote, Akidi aliinakili sauti kwenye diski mbili mpya. Moja alimpa Perpétue. Nyingine alisema ataiweka nyumbani kwake, kwa sababu kitu cha thamani hakikai mahali pamoja. Mafuriko yakija, au mwizi, au kirusi kingine, nakala ya pili itakuwa salama. Ndipo akasafisha. Aliiondoa ile programu ya dirisha jekundu, akaweka antivirusi ya kuaminika, akairuhusu ijisasishe. Aliizima pia tabia ya kompyuta kufungua flashi yenyewe mara tu inapochomekwa. Siku iliyofuata alimchukua Perpétue chuoni, na huko, kwenye kompyuta safi, wakabadilisha neno la siri la barua pepe. Lile la zamani lilikuwa Victoire, jina la binti yao. Akidi alisema jina ambalo mtaa mzima unalijua si siri. Jipya likawa refu, lenye herufi na tarakimu, na mimi silijui.

Alimwonya pia kwamba dirisha lolote litakalojitokeza na kutisha, asilibonyeze, hata likiahidi bure. Barua yenye kitu cha kubonyeza, hata ikiwa na jina la ndugu, ampigie ndugu kwanza. Perpétue aliyakubali yote. Lakini Akidi aliposema asipokee tena flashi za watu, alisita.

"Hiyo siwezi," alisema. "Mama Séraphine ni kama mama yangu. Nitamwambia je kama flashi yake iko chafu?"

"Basi pima kwanza na antivirusi, ndiyo ufungue."

"Atasikia vibaya. Ataona namdharau."

Hilo halikuwa somo la kompyuta. Perpétue alirudi nyumbani na mzigo moyoni. Akiipokea flashi bila kuipima, kirusi kitarudi. Akiipima mbele ya watu, atamwaibisha Mama Séraphine, aliyempokea Kampala walipofika hawana hata sufuria.

Ijumaa walipata wageni wa chakula. Victoire, kama watoto wote waliolelewa vizuri, alizunguka na beseni na jagi la maji. Alimmiminia kila mgeni, naye akanawa. Perpétue alisimama na sahani ya ugali mkononi, akimtazama binti yake. Hakuna mgeni aliyekasirika. Hakuna aliyeuliza, "Kwani mikono yangu ni michafu?" Perpétue alitabasamu peke yake, na Mushagalusa akamuuliza anacheka nini.

Jumamosi kwaya ikaja. Mama Séraphine aliivua flashi shingoni, akaitoa.

"Mama," Perpétue alisema, "mu nyumba hii mgeni ananawa mbele ya kula. Leo na flashi tunaipa maji kwanza."

Mama Séraphine hakuiachilia flashi.

"Flashi yangu iko na uchafu?"

"Sijui, mama. Hata mikono hatuulizi kama iko na uchafu. Tunanawa tu."

Mama Séraphine alifikiri. Kisha akaiachilia.

Perpétue aliichomeka, akaiamuru antivirusi iipime. Kwaya nzima ilisogea kwenye skrini. Mstari ulitembea polepole, kisha kompyuta ikalia. Kirusi kimepatikana. Ikalia tena. Kingine. Perpétue alibonyeza mahali pa kusafisha, wakasubiri mpaka ikasema flashi ni salama. Nyimbo zote zilikuwa bado zimo.

Mama Séraphine aliishika rozari yake.

"Kumbe nilikuwa natembeza ugonjwa mu nyumba za watu," alisema, "pamoja na nyimbo za Mungu."

Hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka yeye mwenyewe alipoanza. Kisha akawageukia wanakwaya. Kuanzia siku hiyo, alisema, flashi haitaingia nyumba yoyote kabla ya kunawa, na haitalala kwenye kompyuta isiyo na kinga. Asiye na kinga aende kwa Perpétue akaonyeshwa. Na kweli walikwenda. Mushagalusa naye alitenga sehemu ya bando lake kwa ajili ya masasisho, na hakulalamika, au alilalamika kidogo tu.

Siku ya kumaliza kilio ikafika. Arsène alikuja kwa basi kutoka Bukavu. Hakuamini barua pepe ya kumwalika mpaka alipopiga simu kuuliza, "Ni wewe kweli?" Perpétue alimsifu kwa hilo. Ndugu walijaa sebuleni, wengine wakakaa juu ya kizingiti. Akidi alikuwepo. Mama Séraphine alikuwepo.

Walisali, wakala, wakamkumbuka mama. Kisha Perpétue akakiondoa kile kitambaa chenye maua, akafungua foda. Safari hii ilifunguka mara moja. Sauti ya mzee ikatoka, yenye wasiwasi kidogo, kama yuko chumba cha pili.

"Arsène, hii kitu inasikia kweli?"

Arsène aliinamisha kichwa. Perpétue ndiye aliyejibu.

"Inasikia, mama."

Na mama akaimba.