Nyota Moja kwa Mkate wa Mama

Kila alipotoka shule, Zebiniso alifunga kitambaa kichwani, akanawa mikono na kwenda kumsaidia mama yake, Karomat. Alipiga muhuri wa miiba, ule wa kutoboa mapambo, katikati ya kila donge la unga na kunyunyiza ufuta, kisha Mama akalibandika kwenye ukuta wa ndani wa tanuri. Nusu ya mtaa wao, katika mji wa Kokand, ilikula mkate huo, na alfajiri foleni ilianzia mlangoni ikafika hadi kwenye mfereji wa barabarani.

Wiki hiyo walikuwa na wasiwasi. Bwana Ilhom, aliyehamia kutoka mji mkuu, Tashkent, na kufungua nyumba ya wageni pale kona, alitafuta mwokaji wa kumletea mkate kila siku. "Mimi mgeni hapa, simjui mtu," alisema. "Nitasoma maoni kwenye ramani ya simu, Ijumaa nitaamua." Mama akipata kazi hiyo, angejenga tanuri la pili na kuacha kufua nguo za watu jioni. Basi Zebiniso akauweka mkate wao kwenye ramani, pamoja na picha nzuri, akawaomba wateja watoe nyota. Tano ni sifa kamili, moja ni aibu.

Jumatano alifungua simu, akakodoa macho. Nyota moja. Moja tena. Mbili. "Mkate wa kawaida tu," aliandika mtu aliyejiita Ua la Bustani. "Unalika," aliandika mwingine.

"Mama, kumbe watu wanatuchukia?"

"Wangetuchukia, wangekuja kupanga foleni gizani?" Mama alijibu, lakini uso ulimsawijika.

Zebiniso hakuelewa kitu. Watu wanakula, wanashukuru, wanarudi kesho, halafu wanautukana mkate kwenye simu! Aliwaza mpaka kichwa kikamuuma, na shaka ikamwangukia Hurshida, rafiki yake wa darasani, ambaye baba yake, Bwana Tolib, aliuza sambusa za tanuri ng'ambo ya barabara. Si Hurshida aliyemtania, "Zebi, mkate wenu una alama mbovu kuliko zangu za hesabu"? Hasira hasara, wahenga walisema, lakini nani hukumbuka methali akiwa amekasirika? Zebiniso akazipa sambusa za Bwana Tolib nyota moja kwenye ramani, akaandika: "Nilikuta unywele." Sambusa yenyewe hakuwa ameionja tangu sikukuu.

Kesho yake Hurshida alikuja shuleni macho mekundu.

"Kwa ajili ya unywele ule wa kwenye simu, Baba ametupa sufuria nzima ya nyama. Amemgombeza mama mpaka amelia. Zebi, wewe unayajua mambo ya simu, nani anatufanyia hivi? Na nyinyi pia mmefanyiwa! Mimi niliwapa nyota tano, wala hazikusaidia."

Zebiniso alirudi nyumbani amechanganyikiwa zaidi. Kama si Hurshida, ni nani?

Jioni alikuja jirani yao, Bibi Sabohat, kununua mkate. Akamnyooshea Zebiniso simu.

"Mjukuu wangu, hii inaniuliza tena mkate wenu ukoje. Nibonyezee ile nyota moja, kama juzi."

"Bibi! Ua la Bustani ni wewe?"

"Ndiye mimi. Mbona unanitolea macho?"

"Lakini mkate wetu unaupenda!"

"Ndiyo maana! Mtoto huyu vipi? Nimsifu mama yako mbele ya dunia nzima, jicho baya limwache salama? Unga utakataa kuumuka, tanuri litapasuka. Tulikubaliana kina mama wote kwenye chai yetu: tumfiche Karomat."

Mama alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga. Zebiniso yeye aliangua kilio, akasema yote. Mama akaacha kucheka, akamshika mkono wakavuka barabara.

Mbele ya Bwana Tolib, Zebiniso alikiri kila kitu. Hurshida alimgeuzia mgongo, na hilo lilimuuma kuliko fimbo. Bwana Tolib akampa Zebiniso sambusa ya moto.

"Kula. Kuna unywele?"

"Hakuna."

"Ikoje?"

"Tamu... lakini chumvi imezidi kidogo."

"Basi futa ule uongo, uandike hivyo hivyo. Na chumvi uiandike."

Ijumaa Bibi Sabohat aliwakusanya kina mama wote wakaenda kwa Bwana Ilhom, kila mmoja akitanguliza mashaallah kabla ya kusifu, ili kulizuia jicho baya, na nyota tano zikaanza kuingia kwa namna hiyo hiyo. Bwana Ilhom alicheka, maana mama yake naye aliliogopa jicho vivyo hivyo. Akamega mkate, akatafuna, akampa Karomat kazi.

Usiku ule wakinywa chai pamoja na Bibi Sabohat, Mama alimwambia Zebiniso, "Bibi yako huyu alificha uzuri kwa mapenzi, wewe ukatunga ubaya kwa hasira. Nyote wawili mlimdanganya msomaji aliyewaamini. Ukiulizwa kitu kikoje, sema ulichokionja. Kama hukuonja, sema hujui."

"Hata mimi?" Bibi Sabohat aliuliza.

"Hata wewe, Bibi."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Hurshida, na sahani ya sambusa mikononi.

"Baba amepunguza chumvi," alisema bila kutabasamu. "Anataka uonje, useme kweli."

Zebiniso alimsogezea nafasi mkekani, naye Hurshida akakaa.