Sabuni ya Bibi Hidaya

Habari hii alinisimulia kwanza shangazi Mounira, mwezi wa Machi 2021, siku ya arobaini ya baba yangu, Djuma. Tulikuwa nyuma ya nyumba tukichambua mchele. Mengine niliyaona mwenyewe, na nitasema ni yapi.

Kijiji chetu kiko kwenye barabara ya kutoka Kabambare kwenda Kasongo. Mwaka 2017 tulimzika bibi yangu, Hidaya, mama yao baba, shangazi na baba mdogo Faradji. Shangazi ndiye aliyemwosha. Kwetu, sabuni na kafuri vinavyobaki baada ya kuosha maiti huwekwa kwenye sahani, kisha hufukiwa katika shimo lile lile lililopokea maji. Havirudi nyumbani. Siku hiyo kilibaki kipande cha sabuni nusu ya kiganja, kimepakaa kafuri. Shangazi aliweka sahani juu ya tofali, akaenda kuoga. Aliporudi, sabuni haikuwapo. Akadhani ni mbuzi. Akafukia kafuri peke yake.

Uani, pikipiki ya baba ilikuwa inavuja. Ilikuwa kuukuu, baba aliinunua mkononi mwa mtu, na kabureta yake ilidondosha mafuta karibu na mikeka ya matanga. Faradji ndiye aliyekuwa ameipanda asubuhi kwenda kununua sanda.

"Faradji, ondosha mukojozi wako hapa," mzee mmoja akamwambia. Watu wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka matangani.

Faradji aliona haya. Akaisukuma nyuma ya nyumba, akafungua bakuli la kabureta, akapaka sabuni kwenye ukingo wake, akalifunga tena. Madereva wote wa kwetu hufanya hivyo, kwa kuwa sabuni haiyeyuki ndani ya mafuta. Uvujaji ukakoma. Hakumwambia mtu kitu.

Siku ya nne, mdogo wangu Subira alishikwa na homa. Alikuwa na miaka sita, na kovu kwenye dole gumba la kulia, alipojikata akimenya muhogo. Muuguzi alisema anahitaji damu, apelekwe Kasongo. Jioni baba akajaza tangi. Alfajiri akamfunga mgongoni kwa kitenge cha mama, wakaondoka. Hilo niliona mwenyewe. Subira alinionyesha dole lile, akalikunja, kama kuniaga.

Mafuta yaliisha katikati ya pori. Tangi zima. Baba alingoja mtu apite, hakupita mtu. Akaiacha pikipiki, akatembea. Saa tisa alasiri tulimwona anarudi kwa miguu. Subira alikuwa bado amefungwa mgongoni. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Shangazi akamwosha kwa sabuni mpya. Kilichobaki alikifukia mwenyewe, akakaa juu ya shimo mpaka adhuhuri ya kesho yake.

Pikipiki ilisukumwa mpaka nyumbani. Siku ya soko akaja fundi Raphaël wa Kasongo, rafiki wa baba.

"Hii pikipiki yako iko kama muzee," alisema, akitaka kumchangamsha. "Asubuhi inakohoa, muchana inakojoa."

Baba hakucheka. Raphaël akafungua kabureta. Akatoa boya, akalitikisa sikioni asikie kama limeingia mafuta: zima. Akatoa sindano inayozuia mafuta bakuli likijaa. Chini yake palikuwa na chembe nyeupe.

"Sabuni," akasema. "Ilizuia sindano kufunga. Nani aliweka?"

Faradji alikuwa amesimama pale, ameshika spana za fundi. Akaanza kuzipanga chini, moja moja.

"Labda yule aliyeniuzia," baba akasema. Kisha akasema polepole: "Hapana, Raphaël. Ni mimi. Usiku ule sikufunga robine."

Robine ni kile kifungulio cha chini ya tangi. Kwetu hufungwa kila pikipiki inaposimama, mafuta yasije yakamwagika usiku kucha. Tangu siku ile, kila jioni, baba alikwenda kwenye pikipiki, akashika robine, akaifunga. Ilikuwa imefungwa tayari. Hilo pia niliona mwenyewe, kila jioni.

Raphaël alisafisha kila kitu. Akaweka sindano mpya na mpira mpya wa bakuli. Kesho yake ikavuja.

Akatoa mafuta yote ndani ya tangi na ndani ya bakuli. Akalivua tangi lenyewe, akaliweka juani. Pikipiki ikabaki mifupa tu.

Tone likaanguka.

"Djuma," Raphaël akanong'ona. "Tangi iko kule. Sasa ile iko natoka wapi?"

Tone jingine.

Shangazi alikuwa anapita na ndoo. Akainama, akagusa tone kwa kidole, akanusa. Akaketi chini pale pale, uani. Haikuwa harufu ya mafuta. Ilikuwa kafuri.

Hakumtazama baba. Alimtazama Faradji.

Jioni Faradji alimfuata shangazi jikoni, akakiri yote.

"Yaya," akasema, maana kwetu ndugu mkubwa huitwa hivyo, "niliona sabuni tu. Sikufikiri."

"Yaya wako mwingine anajilaumu kwa robine, nawe unamwona," shangazi akamwambia. "Mimi sitakusemea. Umwambie mbele ya Ijumaa. Hapo tutaifukia sabuni."

Alhamisi jioni Faradji alitoka na mfuko wake begani. Akamkuta baba amepiga magoti kando ya pikipiki, mkono kwenye robine. Shangazi aliwaona kutoka mlangoni. Faradji akasimama nyuma yake. Kisha akapita, akashika njia ya Salamabila. Hajarudi.

Ijumaa pikipiki ikaacha kuvuja. Haikuwaka tena.

Shangazi aliikwangua kabureta yote akitafuta sabuni ya kufukia. Alipata kiasi cha punje ya mchele. Iliyobaki haikuonekana. Baba aliendelea kufunga robine mpaka wiki aliyokufa.

Mwaka huu, mwezi wa pili, niliitoa kabureta ndani ya sanduku la baba, alimoihifadhi tangu ilipokwanguliwa. Ilikuwa kavu, buibui ameweka nyumba kwenye mdomo wake. Nilifungua bakuli mwenyewe, mchana, shangazi akiwa kando yangu. Ndani palikuwa na kipande cha sabuni, nusu ya kiganja. Kilikuwa kimelowa. Juu yake mtu alikuwa amebonyeza dole gumba, dogo, na katikati ya alama ile mstari ulipita, kama kovu.

Tulikifukia siku ile ile.

Kati ya waliohusika, baba alifariki mwaka 2021. Fundi Raphaël yu hai, Kasongo. Shangazi Mounira yu hai, ingawa haoshi tena maiti. Baba mdogo Faradji yu hai, Salamabila, katika machimbo ya dhahabu. Wanaotoka huko wanasema hagusi sabuni, ananawa kwa majivu. Sijamwambia kwamba najua. Subira tulimzika mwaka 2017, na mimi nilikuwapo.