Pipa la Bi Pascoe

Kila jioni Bronte Hallam alitoa taka za nyumbani, na kila jioni alinung'unika. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulipofungwa, halmashauri ya mji wa Corrawang ilipoteza kodi yake kubwa kuliko zote. Bwawa la kuogelea likatiwa kufuli, maktaba ikawa inafunguliwa Jumamosi tu, na lori la taka, lililozoea kuja kila wiki, sasa likawa linakuja kila baada ya wiki mbili. Joto la Januari halikuwa na huruma, na mji mzima ulinuka.

Baada ya mlo wa mwaka mpya, baba yake alimwambia agandishe vichwa vya kamba wa baharini kwenye friza visioze mpaka siku ya lori, kama walivyofanya majirani wote. Friza ilikuwa imejaa aiskrimu. Bronte, ambaye kupanga vitu kulimshinda kwa uvivu tu, alinyemelea hadi kwa jirani yao mzee, Bi Pascoe, akatupa kifurushi kwenye pipa lake la mfuniko wa njano, lile la chupa na karatasi za kutengenezwa upya.

Lori lilipofika, pipa lilikuwa limejaa funza. Dereva akaliacha. Halmashauri haikuwa tena na watu wa kuchambua taka, hivyo aliyechafua pipa la njano alinyang'anywa. Alasiri Bronte alimkuta Bi Pascoe amepiga magoti, analisugua huku machozi yakimtoka.

"Eti mimi mchafu," alisema. "Tangu mzee wangu afariki sijaonja kamba, mwanangu."

Bronte aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Ni mimi, Bi Pascoe. Nisamehe."

Bi Pascoe alimpa brashi.

Baba aliposikia hakugomba. Alimpeleka kwenye ofisi za halmashauri, ambako meza nyingi zilikuwa tupu, akasimama kando ili binti yake aseme mwenyewe. Bi Pascoe akaachiwa pipa lake. La akina Hallam likachukuliwa.

Wakirudi, walipita kwenye bwawa lililokauka. Bronte akauliza kama mambo yangerudi kama zamani.

"Sidhani," alisema baba. "Zamani mtambo ulilipa, na uvivu wetu ulizolewa na watu walioajiriwa. Hela zimekwenda, uvivu tumebaki nao. Sasa ukikwepa kazi yako, mwanangu, haipotei. Inamwangukia mtu, na mara nyingi ni yule asiye na nguvu ya kuibeba."