Moto wa Upande wa Kushoto

Saa kumi na mbili asubuhi Vestina alifunua shuka ili amwogeshe mama mkwe wake, akakuta mkono wa kushoto wa kikongwe umeungua sehemu tatu, kila jeraha lina umbo la kijiko. Chumba kilinuka nyama iliyobabuka. Ma Ephrasia mwenyewe alikuwa macho, ametulia, anaulizia uji.

"Mama, umeungua!"

"Naungua kila siku. Leo kuna jipya gani?"

Tangu apatwe na kiharusi, Ma Ephrasia alilia kwamba upande wake wa kushoto unawaka. Moto haukuonekana. Kitambaa chenye maji baridi kikimgusa upande huo, alipiga yowe kama aliyemwagiwa uji unaochemka. Kijiji chao, karibu na Rubya, kilishapata jibu: anarogwa na mkamwana wake mjane. Sasa kulikuwa na majeraha ya kuonyesha, na ukoo ulipanga kukutana saa sita mchana kumfukuza Vestina kwenye kibanja, shamba la familia. Miaka yote ya kupalilia migomba na kuchuma kahawa, na watu wazima wenye akili zao walikuwa tayari kuifuta kabla ya chakula cha mchana.

Sajini Paskazia Machibya alifika kutoka Muleba saa tatu. Alianza na nyasi zilizotandikwa sakafuni. Hazikuwa na jivu wala alama ya kuungua. Aliyefanya unyama huu alikuja na chuma cha moto mkononi.

Polisi waliitwa na Kahangwa, shemeji wa Ma Ephrasia, anayeishi nyumba ya jirani. Ndiye pia aliyempeleka mgonjwa hospitali Bukoba alipopatwa na kiharusi.

"Niliamshwa na yowe lake alipochomwa, afande," alisema. "Nilipotoka nikamwona Vestina jikoni."

"Jikoni kwake mwenyewe?"

"Usiku ule? Anapika nini?"

Vestina alikana huku akilia. Alisema alilala fofofo na hakusikia yowe lolote. Sajini akamhoji Avit, mganga ajulikanaye kwa kuchoma wagonjwa wake kwa chuma.

"Upande ule siugusi, waitu," Avit alisema. "Nikiweka jani tu, analia mpaka nywele zinanisimama. Nimchome? Angeamsha kijiji kizima."

Majirani wengine waliulizwa. Hakuna aliyeamshwa. Sajini alitoka nje, akampigia simu daktari wa Bukoba.

"Katikati ya ubongo kuna sehemu inaitwa thalamasi," daktari alieleza. "Habari za maumivu, joto na baridi hupitia hapo kabla wewe hujazijua. Kwa bibi huyu imeharibika ya kulia, ambayo hupokea habari za upande wa kushoto. Moto wa kweli haumfikii. Halafu akiwa macho, hata akiguswa kidogo tu, ubongo unamletea moto wake wenyewe, ambao haupo."

Sajini alibaki amesimama kati ya migomba. Jua lilikuwa linawaka, lakini aliogopa kwelikweli. Aliuliza swali moja zaidi, akasikiliza jibu, akarudi ndani.

Saa sita wanaukoo walijaa sebuleni. Ma Ephrasia aliketishwa kwenye kiti. Sajini aliagiza chai ya moto, akashika kijiko juu ya mvuke.

"Nataka kuujaribu mkono huu," alisema, akauinamia.

Vestina alimrukia, akamshika kiganja. "Usimguse, afande! Ataungua tena!" Avit aliziba masikio.

"Acha maigizo, mwanamke!" Kahangwa alifoka. "Upande huo hasikii moto."

Sajini aliweka kijiko mezani. Hakikuwa kimeingia kwenye chai.

"Asubuhi uliniambia uliamshwa na yowe lake alipochomwa."

Kahangwa alianza kusogea kuelekea mlangoni.

"Daktari alipompima kwa chupa ya maji ya moto, aliyekuwepo ni wewe peke yako, Ta Kahangwa. Alikwambia hasikii joto. Ukamuuliza mara mbili: 'Hata moto?' Hawa wengine hawakuambiwa. Asiyejua asingethubutu kumchoma pale anapolia hata akiguswa na kitambaa."

"Kibanja ni cha marehemu kaka yangu!" Kahangwa alipasuka. "Huyu shemeji anataka akiachie kitoto cha watu, kisichozaa hata mtoto wa kiume! Nilimwambia amfukuze, akakataa. Ningefanyaje?" Akamgeukia Ma Ephrasia. "Na hukuumia! Waambie, shemeji. Hukuumia hata kidogo!"

Alitolewa amefungwa pingu huku bado anasema hivyo.

Ma Ephrasia aliyatazama majeraha yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akalia, kwa aibu zaidi kuliko maumivu. "Niliamini ni wewe, Vestina. Nilianza kuamini."

"Najua, mama."

"Na sasa hivi mkono unawaka." Kikongwe alimgeukia. "Mwanangu, kuanzia leo nikisema naungua, wewe ndiye uniambie kama moto upo."

Vestina alipiga magoti, akaukagua mkono wote, kuanzia vidoleni hadi begani, bila haraka.

"Haupo, mama," alisema.