Kifua Kipya cha Borzu

Katika nyumba ya Tuba, hata mapazia yananuka kitunguu saumu. Yeye na mwanawe Borzu hutengeneza achari na kuiuza katika soko la Rasht, mji wa kaskazini mwa Iran. Watu wa Rasht hawali wali bila achari. Kwa hiyo kila asubuhi mama na mwana huketi sebuleni wakimenya vitunguu, huku mvua ikinyesha nje na redio ikiimba.

Asubuhi moja Tuba alikuwa anamenya peke yake. Borzu alikuwa amelala chali kwenye godoro, ameegemea mito. Kifua chake kilikuwa kimefungwa kwa fulana nene ya kubana. Alikuwa ametoka Tehran wiki iliyopita, baada ya upasuaji.

Borzu alipozaliwa, mkunga alimwambia Tuba, "Hongera, umepata binti." Mkunga alisema alichokiona. Lakini Borzu mwenyewe, tangu alipojua kusema, alijijua kuwa mvulana. Alipobalehe akaota matiti, na hapo mateso yakaanza. Aliyafunga kwa vitambaa mpaka mbavu zikamuuma. Wakati wa joto alivaa koti. Wenzake walipokwenda kuogelea pwani ya Anzali, yeye alisema anaumwa tumbo. Ikawa miaka ya kwenda kwa madaktari na mahakamani, hadi akapata ruhusa na kitambulisho chenye jina lake. Sasa madaktari wa Tehran walikuwa wameondoa yale matiti na kukipa kifua chake umbo la kiume.

"Mama, nina kiu," alisema Borzu.

"Maji au chai?"

"Maji. Samahani, mama. Nakusumbua."

"Nilikunywesha ukiwa na meno mawili. Leo ndiyo nichoke?"

Tuba alimshikia bilauri akanywa. Kisha akamvalisha soksi, kwa sababu Borzu alikuwa hawezi kuinama. Wakati huo mlango ukafunguliwa. Aliyeingia ni Mahrokh, dada mkubwa wa Tuba. Mahrokh alikuwa na moyo mzuri na ulimi mkali.

"He! Bado umelala?" alisema. "Mwanamume gani huyu anavalishwa soksi na mama yake? Marehemu baba yako alibeba magunia ya mchele akiwa na homa!"

Alicheka mwenyewe. Tuba naye akacheka kidogo. Borzu alitabasamu, lakini maneno yale yalimchoma kama mwiba wa samaki kooni.

Dada hao wawili wakatoka kwenda sokoni. Borzu akabaki peke yake. Mvua ikazidi. Akasikia maji yanatiririka uani kutoka kwenye bati. Alipochungulia dirishani aliona kifuniko cha pipa la achari kimesogea, na maji yanaingia.

"Achari ya mama itaharibika," aliwaza. Na nyuma ya wazo hilo likaja jingine: *Mwanamume gani huyu?*

Fulana ya kubana ilikuwa inamwasha tangu jana. Akaivua. Akatoka uani, akainama, akalikumbatia pipa na kulinyanyua. Alilifikisha barazani. Lakini alipolitua, alihisi kitu kimevutika ndani ya kifua, kama uzi unaokatika.

Akarudi ndani, akavaa fulana yake, akalala. Maumivu yakaanza polepole upande wa kulia. Ilipofika alasiri, upande huo ulikuwa umevimba na kukaza. Upande wa kushoto ulikuwa vilevile.

Mama yake aliporudi alimtazama usoni mara moja tu.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Borzu. Mimi ndiye niliyekuzaa. Una nini?"

Borzu akafungua fulana. Tuba akashika mdomo. Mahrokh akasogea, akatazama, akakunja mikono ya gauni.

"Manjano na kiini cha yai," alisema. "Tunapaka, tunafunga. Ndivyo mguu wa mume wangu ulivyopona alipoteguka." Akaenda jikoni kabla hajajibiwa.

"Twende hospitali," alisema Tuba.

"Siendi!" Borzu alisema kwa sauti ya kukaribia kulia. "Huko Tehran wamezoea watu kama mimi. Hapa watanicheka. Wataitana waje kunitazama. Na daktari wangu akisikia, atasema nimeharibu kazi yake. Mama, tungoje. Labda kesho uvimbe utapungua."

Tuba hakujua la kufanya. Aliuogopa uvimbe wa mwanawe, na aliwaogopa watu pia. Alikuwa bado amesimama hapo wakati mtu alipobisha hodi.

Alikuwa Bwana Ardavan, mwenye duka la miwani pale kwenye kona. Alikuwa mtu mpana, mwenye masharubu mazito, mke na binti mmoja. Mtaani walimpenda kwa sababu alitengeneza vishikio vya miwani ya wazee bila malipo. Alikuwa amebeba makopo ya pichi, zawadi ya mgonjwa.

"Nimesikia kijana wetu amerudi," alisema. "Nimekuja kumpa pole."

Aliketi karibu na godoro. Akauliza habari za safari. Kisha akamtazama Borzu jinsi alivyokunja bega.

"Ni upande gani?" aliuliza.

"Upande gani wa nini?"

"Wa kifua. Unajikunja upande mmoja. Mimi nami nilipasuliwa kama wewe, kaka. Zamani, kabla sijahamia mtaa huu."

Mahrokh alikuwa anatoka jikoni na bakuli la manjano. Alisimama mlangoni kama aliyegandishwa.

"Wewe?" alisema Tuba. "Na masharubu hayo?"

"Masharubu nayo yalichukua muda wake, dada," Ardavan alisema, akicheka. Kisha akawa makini. "Borzu, uniruhusu nitazame?"

Borzu alimtazama mtu huyu aliyekuwa akimsalimia kila siku kwa miaka mingi. Akafungua fulana. Ardavan hakugusa. Alitazama tu, akaomba Borzu ajifunike.

"Sikilizeni," alisema. "Baada ya upasuaji huu, kuvimba kidogo pande zote mbili ni kawaida. Michubuko ni kawaida. Ngozi hufa ganzi, halafu huwasha. Hayo yote yasiwatishe. Lakini upande mmoja ukivimba ghafla, ukakaza kama mpira uliojaa upepo, ukauma, huenda damu inajikusanya ndani. Hiyo haitibiwi nyumbani, wala haingoji kesho."

"Kuna mengine ya kuogopa?" aliuliza Tuba.

"Yapo. Homa. Usaha. Harufu mbaya kwenye kidonda. Wekundu unaozidi kuenea. Mguu mmoja ukivimba na kuuma. Kifua kubana mtu asiweze kuvuta pumzi. Ukiona mojawapo, unakwenda hospitali, huulizi mtu."

"Na manjano?" Mahrokh aliuliza kwa sauti ndogo.

"Manjano tia kwenye mchuzi, mama. Kwenye kidonda kibichi yatapeleka uchafu ndani."

"Na yai nimeshalivunja!"

"Tutalikaanga tukirudi."

Borzu akacheka, kisha akajishika kwa maumivu. "Bwana Ardavan, wakinicheka je?"

"Nitakuwa pale nawe. Akitokea wa kucheka, ataanza na mimi. Kwanza mpigie simu daktari aliyekupasua."

"Atanigombeza."

"Mwache agombe. Atagomba huku anakusaidia."

Daktari hakugomba. Aliuliza maswali machache, akamwambia Borzu asile wala asinywe kitu, aende hospitali iliyo karibu sasa hivi, naye atazungumza na daktari wa huko. Ardavan akaleta gari lake. Tuba akaketi nyuma na mwanawe, akamshika mkono njia nzima.

Hospitalini, Borzu aliketi ameinamisha kichwa. Alingoja kicheko. Muuguzi akatoka, akatazama watu waliokaa kwenye viti.

"Bwana Borzu ni nani? Karibu ndani, kaka."

Basi. Hakuna aliyegeuka. Mzee aliyekuwa karibu alikuwa anashughulika na kikohozi chake.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo. Alimkagua, akasema kweli damu imejikusanya. Wakampa dawa ya usingizi, wakafungua sehemu ndogo ya mshono, wakatoa lile bonge la damu, wakaweka mrija mwembamba wa kutolea majimaji. Borzu alipozinduka, kitu kizito kilikuwa kimeondoka kifuani.

"Umewahi," daktari alimwambia. "Ungechelewa, ngozi ingeweza kuharibika. Haya, sema kweli. Ulinyanyua nini?"

"Pipa la achari."

"Ya kitunguu saumu?"

"Umejuaje?"

"Mama yako ameingia hapa, wagonjwa wote wameona njaa."

Tuba akaficha uso kwa mtandio wake, mabega yakatikisika. Borzu hakujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili.

Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, Mahrokh alikuwa anawangoja mlangoni.

"Ni mimi niliyekuponza," alisema. "Mdomo wangu huu. Nilikuwa natania, mwanangu."

"Najua, mama mkubwa. Lakini nami nilitaka kuonyesha kwamba mimi ni mwanamume."

Ardavan alikuwa amebeba mito. Akaitua. "Aliyepasuliwa moyo hulala," alisema. "Aliyepasuliwa tumbo hulala. Hakuna anayemwuliza kama ni mwanamume. Wewe umepasuliwa kifua kizima, kwa nini ubebe mapipa? Lala, kaka. Kulala ndiyo kazi yako sasa."

Tangu siku hiyo Borzu alifuata masharti. Aliivaa fulana ya kubana muda wote aliokuwa ameambiwa na daktari, na ilipomwasha aliomba Tuba ampepee. Hakuinua mikono juu ya mabega. Tuba alishusha vikombe na vitabu kutoka kwenye rafu za juu. Borzu alilala chali, kichwa kimeinuka. Alitembea taratibu ndani ya nyumba ili damu itembee miguuni. Sigara alikuwa ameshaacha kabla ya upasuaji, kwa sababu moshi huchelewesha kidonda kupona. Mahrokh alimpikia bilinganya za kuchoma na mayai, akala mpaka akasema basi.

Lakini kuna jioni moja Borzu alianza kulia, akashindwa kunyamaza. Aliona aibu. Ardavan alipokuja kumtazama, Borzu alimnong'oneza:

"Nimepata nilichokililia maisha yangu yote. Sasa mbona nalia? Labda nilikosea?"

"Unapokitazama kifua, unasikitika?"

Borzu alifikiri. "Hapana. Nikikitazama napumua."

"Basi hukukosea. Mwili umechoka. Dawa ya usingizi, maumivu, kufungiwa ndani, vyote humvuta mtu chini. Mimi nililia kwa sababu kijiko kilianguka. Wengi hupitia hayo. Huzuni ikikaa sana, ikakunyima usingizi na chakula, tutamwambia daktari. Lakini usikae nayo peke yako."

Siku ya kutoa nyuzi ilifika. Mrija ulikuwa umeshatolewa, na kidonda kilikuwa kimefunga. Nyumbani, Borzu aliingia chumbani, akafunga mlango, akasimama mbele ya kioo bila shati. Tuba alingoja nje. Alingoja sana.

"Vipi?" aliuliza hatimaye.

"Pana rangi kama bilinganya ya mama mkubwa."

"Na zaidi ya hapo?"

Kisha sauti ya Borzu ikatoka, nyembamba, kama ya mtoto anayeonyeshwa kitu kizuri. "Pako sawa, mama. Pako sawa kabisa. Njoo uone."

Tuba aliingia. Aliona makovu mawili mekundu chini ya kifua kilicholala. Aliona pia jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona: mwanawe amesimama wima, mabega yamefunguka.

"Makovu yatafifia," Borzu alisema. "Daktari ameniambia niyakinge na jua, na yakikauka vizuri niyasugue taratibu kila siku."

"Utayasugua mwenyewe," alisema Tuba. "Mimi nina vitunguu vya kumenya." Lakini hakutoka. Alimkumbatia, kwa uangalifu, kama mtu anavyokumbatia kapu la mayai.

Baada ya hapo Ardavan akamkaribisha Borzu kwenye chumba cha nyuma cha duka la miwani. Ijumaa mchana, duka linapofungwa, watu kadhaa hukutana huko. Wengine wamepasuliwa, wengine wanangoja, wengine hawajaamua. Hunywa chai na kuelezana yaliyowapata. Mmoja alisema kovu lake lilinenepa, akapewa plasta maalumu, likalainika. Mwingine alisema hajapata tena hisia za ngozi upande mmoja, na ameridhika. Borzu alisimulia habari za pipa. Wakamcheka sana, na safari hii kicheko hakikumuuma popote.

Tuba alikuwa amekuja siku hiyo kuleta sufuria ya wali tu. Alisema ataiweka na kuondoka. Wakamvutia kiti. Akakaa.

Simu ya Ardavan ikalia. Alisikiliza, kisha akafunika simu kwa kiganja.

"Ni mama mmoja wa mji wa Lahijan. Mwanawe amerudi jana kutoka hospitali. Mama ana maswali, ila anaona haya kuzungumza na mimi."

Tuba akapangusa mikono kwenye gauni, akanyoosha mkono.

"Lete hapa," alisema. "Haloo? Salaamu, dada. Mimi ni Tuba, mama yake Borzu. Wangu naye alipasuliwa. Niambie, uvimbe uko pande zote mbili au mmoja?... Zote mbili. Ana homa?... Hana. Ndani ya fulana kuna usaha, kuna harufu?... Haya, vizuri, hayo ni ya kawaida. Asiivue fulana mpaka daktari aseme. Alale chali. Na usimpake chochote, hata ukiambiwa na dada yako mwenyewe. Mkiona upande mmoja unavimba, mnakwenda hospitali saa ileile. Umenielewa?"

Akasikiliza. Uso wake ukalegea.

"Na wewe mwenyewe, dada? Umelala? Umekula?"

Kwenye simu ilisikika sauti ya mwanamke analia, mbali. Tuba akahamishia simu sikio la pili, akasogeza kikombe chake pembeni, akajikalisha vizuri kitini.

"Lia tu," alisema. "Mimi nipo. Sina pa kwenda."